Jumapili Tatu za Mama Ratiba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: ile fomula iliyowafanya mafundi wa karakana wafanye kazi Jumapili ndani ya kompyuta, aliyeiharibu ni mimi. Si shangazi. Ni mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye meza ya chakula, kipande cha mkate mkononi.

Sasa nianze kama nilivyoelekezwa. Shangazi yangu, aliyenilea, anastaafu Ijumaa, tarehe ishirini na nane mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana hii ya samani. Dada wa mapokezi, ambaye ndiye mwandaaji wa jarida la wafanyakazi, alipiga simu nyumbani kuomba ukurasa mmoja. Alisema wenzake wote wana maneno ila hakuna mwenye kalamu, na mimi ninayesoma kwa lugha mbili sina pa kujificha. Nilijibu sawa kwa sauti ndogo mpaka akauliza kama simu imekatika.

Shangazi aliingia kama mpokea oda. Enzi hizo ratiba nzima ilikaa kwenye ubao mweusi karibu na mlango wa stoo, na fundi akipita na mbao ndefu begani aliweza kufuta wiki nzima bila kujua. Shangazi akawa anaikariri. Ukimuuliza kabati la mteja fulani limefika wapi, alifumba macho kidogo, akakuambia limeshapigwa msasa linasubiri bawaba. Mwaka wa nne akakabidhiwa ratiba yote, na jina la Mama Ratiba likamganda.

Miaka mitano iliyopita ubao uling'olewa ikaja programu ya kupanga kazi. Kwa asiyeijua, ni jedwali tu: kila oda ina mstari wake, na kila safu ina habari yake, siku ya kuanza, siku za kukata na kuunganisha, siku za vanishi kukauka. Kilichomshika shangazi ni safu ya mwisho, Tarehe ya Kukabidhi. Ukitaka kuandika humo inakataa. Inajikokotoa yenyewe kutoka safu nyingine, kwa fomula iliyofungwa kwa neno la siri.

Wengine waliizoea wakaendelea na maisha. Yeye alitaka kujua inafikiria nini. Jumanne moja jioni alikuja nyumbani na laptopu ya kazi, akaingiza oda ya uongo: kiti kisicho na miguu, mgongo wala pa kukalia, kazi ya fundi siku sifuri, vanishi siku mbili. Programu ikamjibu bila wasiwasi kwamba kitakuwa tayari Alhamisi. Alicheka mpaka akaja kunitoa chumbani nikaone.

Baadaye akagundua jambo lililokuwa limewapita wote. Kila Jumatatu asubuhi alikuwa akizunguka karakana akigusa mbao kwa mgongo wa kidole, na milango ambayo kompyuta ilisema bado mibichi, kumbe imeshakauka. Siku kadhaa alikuja nyumbani na swali hilo tu. Tukiwa tunakula akaweka kijiko chini.

"Kwani vanishi nayo inapumzika Jumapili?"

Ndivyo programu ilivyokuwa ikiamini. Iliruka Jumapili kwa kila kitu, kana kwamba na vanishi inafunga mlango inakwenda kwao. Maneno ya fomula yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisoma, yeye akafikiri. Tukatenganisha siku za aina mbili. Siku za watu ziruke Jumapili. Siku za vanishi zisiruke kitu. Tarehe zikasogea karibu, stoo ikapata nafasi ya kupita mtu, na meneja akaisifu fomula ile mbele ya mkutano mzima. Shangazi alirudi amebeba soda mbili, yake na yangu.

Hapo ningeweza kuishia, na ukurasa ungekuwa mzuri.

Mwaka uliofuata shangazi alifanyiwa upasuaji wa goti, akawa anafanyia kazi nyumbani kwa wiki sita, mguu juu ya kigoda, laptopu mezani. Siku ya nne alienda kuoga. Laptopu ilikuwa wazi. Nilikuwa nimejifunza mambo ya mabano shuleni wiki hiyo, na ile fomula yetu niliiona ndefu. Nikajiuliza kama haiwezi kufupishwa. Nikatia siku za watu na siku za vanishi ndani ya mabano mamoja, nikazijumlisha, nikaijaribu kwa oda ya stuli inayoanza Jumatatu: siku tatu za fundi, siku moja ya vanishi. Ikatoa tarehe ileile ya zamani. Nikajiona hodari, nikahifadhi. Nilikusudia kumwonyesha, lakini alipotoka alikuwa analalamikia goti, nikamsogezea kigoda kwanza. Kesho yake nikasahau.

Stuli ile haikuwa na Jumapili ndani yake. Hilo ndilo sikuliona. Kwa kazi fupi fomula zote mbili zinajibu sawa, na kwa kazi ndefu ile yangu, inayohesabu siku zote kama za vanishi, inawaamsha mafundi Jumapili. Tena haileti rangi nyekundu wala onyo. Inakupa tarehe, nawe unaiamini.

Siku tano baadaye ikaingia oda ya vitanda sitini vya bweni, siku ishirini na nne za mafundi na sita za vanishi. Jumapili tatu ziliangukia ndani ya siku za mafundi, na programu ikazihesabu zote kama siku za kazi. Kama shangazi angekuwa karakana, kidole chake kingemwambia. Lakini alikuwa nyumbani, na meneja aliagiza lori kwa kuangalia skrini. Lori likafika Jumanne, vitanda bado vinanata. Wasichana sitini waliokuwa wanafungua shule siku hiyo walilala kwenye magodoro sakafuni mpaka Ijumaa.

Nilikuwa mlangoni shangazi alipopigiwa simu. Alifungua ile fomula, akayafuata mabano kwa kidole. Neno la siri la kuibadilisha tulikuwa tunalijua watu wawili tu, yeye na mimi.

"Ni mimi niliyeigusa, meneja," alisema. "Nitaandika maelezo."

Akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka thelathini na moja. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimeshapanga hata jinsi ya kulia. Badala yake, Jumamosi akanivutia kiti.

"Hebu nifundishe hayo mabano," akasema. "Naona ndiyo yaliyoharibu."

Nikamfundisha. Masikio yalikuwa yananiwaka, naye anauliza maswali yake kwa utulivu: mabano yakifungwa hapa inakuwaje, yakisogezwa pale inakuwaje, kwa nini stuli haikusema kitu. Ndiyo, aliuliza habari ya stuli, maana programu ilikuwa imehifadhi jaribio lile. Jina la mtu aliyeijaribu stuli hakuliuliza.

Katika saa ile alibuni utaratibu ambao karakana yote inaufuata leo, na ambao nadhani ndio kazi yake kubwa kuliko zote. Fomula ikibadilishwa, haitumiki mpaka ijaribiwe kwa oda kumi zilizokwisha na ambazo tarehe zake tunazijua. Fupi, ndefu, zenye Jumapili, zenye sikukuu. Ikikosea moja, inarudi mezani. Mpaka sasa hakuna lori lililokuja bure.

Lakini jina lilishabadilika. Fundi wa vanishi, ambaye kila mtu humwita Mzee Msasa, ndiye aliyeanza kumwita Mama Jumapili, na kila sikukuu ikikaribia alimpigia kuuliza kama kompyuta imeruhusu watu walale. Shangazi alicheka nao. Nyumbani pia alicheka, ila nilimwona akiacha kucheka kabla simu haijakatwa.

Dada wa mapokezi aliniomba nisisahau kisa hicho, maana ndicho kitachekesha sherehe. Alisema hata keki itaandikwa Mama Jumapili. Nimekaa na ombi hilo siku tisa. Sitaki aondoke mlangoni akiitwa kwa kosa langu, huku watu wanapiga makofi. Kwa hiyo nawaomba, ndugu wa karakana: keki iandikwe Mama Ratiba. Mzee Msasa, shikamoo. Ukitaka mtu wa kumtania, namba ya simu ya nyumbani ni ileile, uniulize mimi.

Na meneja, kama barua ile bado imo kwenye faili, naomba karatasi hii ikae juu yake.

Shangazi, asante kwa miaka yote ambayo milango na vitanda vya watu vilifika ukiwa umeshavigusa kwanza. Asante kwa kunivutia kiti siku ambayo ungeweza kunifukuza mezani. Wenzako wanakutakia goti lisilouma, asubuhi za polepole, na afya ya kutosha kuuliza kila kitu kinachokushangaza. Mimi nakutakia vyote hivyo, na unisamehe.

Nasikia ndara zako kwenye korido. Siku tisa hizi, kila ulipokuja nilifunika ukurasa kwa daftari la kemia. Sasa hivi daftari limo ndani ya mkoba. Ukurasa uko wazi mezani, nimeugeuzia upande wa kiti chako, na kalamu iko juu yake kama kuna mahali nimekosea.