Mzee Nashoni na Sauti ya Nyuma ya Ukuta

Mzee Nashoni Waitara anastaafu tarehe 30 Novemba 2002, baada ya miaka kumi na miwili ya kutafsiri filamu kwenye ukumbi wetu wa video hapa machimboni. Alikuja kutoka Gorong'a wakati watu wanamiminika kufuata dhahabu, yeye akiwa na koti moja na sauti yake. Jenereta ikishawaka, yeye ndiye mwanamke, ndiye polisi, ndiye mbwa. Sisi wa jikoni tumeunguza maandazi mengi kwa ajili yake.

Lakini mkanda ninaotaka kuusema ni ule wa mtu aliyebaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Hauna bunduki, hauna damu. Mtu anasikia anaitwa nyuma ya ukuta, anaweka sikio, basi. Wachimbaji wasioogopa mwamba walishikana mikono. Kesho yake wakarudi, wakaleta na wenzao. Mpaka leo najiuliza ni nini kinamrudisha mtu kwenye kitu kilichomnyima usingizi.

Sauti yenyewe ni nzito, hujui ya mwanamume au ya mwanamke. Ilipoita, ulimi wa Mzee ukateleza, akatafsiri: "Baba anakuita." Sasa kwetu Wakurya, neno 'baba' kwa lugha yetu maana yake ni mama. Nje ukazuka ubishi. Mwalimu Ildefonce, mgeni wa kutoka Kigoma, akasema yule ni baba mtu. Vijana wakamcheka, eti mwalimu umesoma mpaka masikio yameziba, yule ni mama yake. Mzee akaombwa asahihishe, akakataa. Alisema kila mtu amesikia wa kwake.

Mwanangu Isack, mchimbaji, katika sauti ile alinisikia mimi. Akawa haukosi mkanda ule, na chakula hali. Wenzake wakaniambia anaweka sikio kwenye mwamba, tena ameanza kuingia shimo la zamani lililokatazwa, anafuata anakoitwa. Mimi niko juu namwita kweli, hanisikii.

Nilimwendea Mzee, hata shikamoo nikaisahau, nikamwomba auchome. Akaniambia, Mama Isack, nikiuchoma ataendelea kuusikia, na mimi sitakuwepo. Jumamosi alasiri akamkalisha Isack kando yake, na mkanda ulipofika pale pa ukuta akampa kipaza sauti.

Sauti ilipoita, Isack akasema, "Baba anakuita." Ile sauti iliyomtesa imetoka kinywani mwake, watu wote wameisikia. Na mimi kule nyuma, mwiko mkononi, niliposikia mwanangu anasema baba, nikaitika kwa nguvu kabla sijajua. Ukumbi mzima ulicheka. Isack akageuka kuniangalia, naye akacheka, halafu akaja jikoni akaomba ugali. Shimo lile hajaingia tena.

Mzee, asante kwa mwanangu. Nenda ukapumzike Gorong'a. Tunakuombea magoti yenye nguvu, mahindi ya kutosha na usingizi mzito. Sisi huku, Mungu atusaidie, Jumamosi tunauangalia tena.

Mama Isack, jikoni