Mtu Aliyekubali Bei Yangu ya Kwanza

Bwana asifiwe! Wa Busia wasifu, wa Malaba wasifu, na waliovuka asubuhi hii kutoka Uganda nao wasifu, maana hapa hatutozi ushuru.

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa kemia. Digrii ninayo. Iko nyumbani, mama ameifunga kwa karatasi ya nailoni isinuke omena. Mama huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, anazitoa Sio Port, na ndiye aliyetia sahihi kuwa mdhamini wangu nilipochukua mkopo wa chuo. Ikumbukeni hiyo sahihi.

Nilikopa laki moja na themanini. Miaka sita nikitafuta kazi ya maabara, riba na faini zikazaana, deni likawa laki nne na elfu kumi na mbili. Kazi niliyopata ni ya kufundisha, nalipwa na wazazi wa shule, elfu tisa kwa mwezi, ikiwa ni mwezi ambao wazazi wanazo. Nikatoa kodi, nikatoa chakula, nikatoa nauli. Ikabaki elfu moja na mia mbili. Nikagawanya deni kwa hiyo. Miaka ishirini na minane na miezi saba! Nikajua nimekosea, nikahesabu tena. Hata ile miezi saba ilikataa kutoka.

Halafu barua ya wakopeshaji ikaja, na haikuja kwangu. Ilikuja kwa mama. Nisipoanza kulipa, watamdai yeye. Mama hasomi Kiingereza, akaniletea nimsomee. Nilimsomea nusu.

Basi nikafunga siku tatu. Nikamwambia Mungu, lilipe hili deni, nami nitatoa fungu la kumi mara mbili. Siku ya nne mtu mmoja akanifuata shuleni. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefikiri nini?

Alikuwa Boss fulani wa Malaba, mtu wa magari na pombe. Alisema amepokea mapipa ya spiriti, anataka mtu aliyesomea kemia aichanganye, aipunguze ukali, aitie ladha ya dukani. Kazi ya wikendi mbili. Akanipa chupa ndogo ya kuonja kwa pua, akauliza bei yangu.

Mimi nimekulia sokoni. Ukitaka mia, unataja mia mbili. Nikataja laki nane, nikijua atalia, atataja watoto wake, tutashuka pole pole hadi laki nne. Zile elfu kumi na mbili ningejitafutia.

Akasema, "Sawa, madam. Nusu nikupe leo?"

Nilishtuka! Busia hii, ambapo mtu hupunguziwa hata bei ya jeneza! Mama ana tabia moja mezani pake. Mteja akilipa gorogoro, mkebe mzima wa omena, bei ya kwanza, asiombe hata konzi moja ya nyongeza, mama huinua noti yake kwenye mwanga na kuigeuza pande zote mbili. Noti bandia zimempitia mpakani hapa, hivyo amejifunza. Nami nilitamani kumwinua yule Boss juani nimgeuze.

Pesa sikuchukua. Nilichukua chupa, nikaipeleka kwenye maabara ya shule, ile yenye bomba moja linalofanya kazi. Nikapima. Nikapima tena. Haikuwa pombe ya kunywa. Ilikuwa methanoli ya viwandani, ile inayopofusha macho ya mtu kabla haijamzika. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Bado nilijiambia labda hajui. Aliporudi nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo.

"Najua, madam," akasema. "Ingekuwa safi, ningehitaji digrii yako ya nini?"

Wapendwa, miaka sita, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuithamini digrii yangu! Nilifumba macho nikaona wanaume wa kwetu Bukhayo wakipapasa ukuta kutafuta mlango. Na nikaona jambo lililonitisha zaidi: kama angebishana bei kidogo tu, ningechukua nusu na kuanza kazi. Mungu aliniokoa kwa mtu asiyejua kununua.

Nilimkatalia. Akiwa bado anawasha gari, nilikuwa njiani kwenda kwa chifu na chupa mkononi. Mapipa yalibebwa na askari jioni hiyo. Boss alivuka mpaka, sijamwona tena.

Nikarudi nyumbani, nikamsomea mama ile nusu ya pili. Alipepeta omena, kisha akasema, "Twende wote kwa hao wanaotudai. Wewe unajua kusoma, mimi najua kuomba kupunguziwa."

Walitaka elfu tano kwa mwezi. Mama alikaa pale mpaka wakafika elfu moja. Nimehesabu mara mbili: wasipoongeza kitu, nitamaliza nikiwa na miaka sitini na mitatu. Deni bado lipo, ndugu zangu, sitawadanganya madhabahuni. Lakini ni deni la pesa, si la macho ya watu.

Kama kuna kijana hapa ambaye leo bei yake ya kwanza imekubaliwa, nakuomba usimame, uje mbele tuombe pamoja. Mimi pia niko na Mmoja aliyelipa yote kwa ajili yangu bila kuomba apunguziwe. Nimemwinua kwenye mwanga. Nimemgeuza pande zote mbili. Ni wa kweli. Amina.