Karatasi za Kisima

Sogeeni wanangu, Majid na wewe Khairat, na mlango uachwe wazi, maana nitakayoyasema leo, mwaka huu wa elfu na mia tatu na nne wa Hijra, jirani akiyasikia ni haki yake, nami Nasor baba yenu nimechoka kuyaficha. Nyumba na shamba mtagawana kama sheria ilivyosema, kwa hayo sina neno. Neno langu ni lile sanduku chini ya kitanda, ambalo tangu mkiwa wadogo nimewakataza kulifungua.

Babu yenu alilitoa kwetu Omani, kijiji cha ukingoni mwa jangwa, ambako maji ni kisima kimoja tu. Wazee wa huko waliandika kila jambo: nani alichimba, nani ana zamu ya kuteka siku gani, mwaka gani mvua ilikosa, nani kazaliwa na nani kauawa. Vita vilipozidi wakamkabidhi babu yenu karatasi zote aje azihifadhi huku Bagamoyo, naye akaniachia mimi kwa kiapo. "Zikipotea hizi," aliniambia, "watu wale hawana pa kusimama."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Kusoma najua, kuandika sijui. Chuo cha Kurani nilikitoroka mapema. Lakini hapa mtaani kwetu Dunda, Mwarabu mwenye kilemba na ndevu huitwa mwalimu apende asipende, nami nikapenda. Siku moja jirani yetu Mwanahija alikuja na mtoto anaungua homa, akaniomba nimwandikie kombe, aya za Mungu kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe mtoto anywe. Niliona haya kumwambia kuwa sijui kushika kalamu. Nikaingia ndani, nikatoa karatasi moja sandukuni, nikajiambia juu imeandikwa Bismillahi, basi yatosha, nikaiosha kwa marashi mpaka wino wote ukaingia bakulini. Mtoto akapona. Hapo ndipo nilipoangamia.

Wakaja wengine, wakaja wapagazi wa misafara na homa zao za bara, wakaja wake wasioshika mimba. Miaka ishirini, wanangu, nimewanywesha watu zamu za maji na vizazi vya watu wa jangwani, nao wakinibusu mkono. Ninyi mkijivunia kuitwa watoto wa mwalimu, mimi nikifa kwa haya.

Mwezi uliopita alikuja Mahfoudh, mtoto wa ndugu yangu, anatoka huko huko. Kijiji jirani kimewanyang'anya wenzetu kisima, kadhi anataka maandishi, na yasipoonekana kabla ya mwezi wa Mfunguo Tatu watu wetu watafukuzwa. Mlinisikia nikimjibu kwamba mchwa wamezila. Nilimwongopea. Alilia mbele yangu, nami nikamkaribisha kahawa.

Bado yuko forodhani akingoja chombo. Majid, mwite leo hii, umweleze yote, usinisitiri. Mpe karatasi tatu zilizosalimika. Na zile nilizoziosha usizitupe. Shika kalamu, wewe unajua, uandike juu yake ninayoyakumbuka. Weka wazi kwamba ni maneno ya Nasor, aliyeyafuta ya kwanza, kadhi asije akadhani ndiyo yenyewe.

Andika. Kisima kilichimbwa na ndugu watatu. Mkubwa Majid, ambaye wewe umepewa jina lake, zamu yake Jumamosi na Jumanne. Wa pili Khalfani, Jumapili na Jumatano. Wa tatu... Khairat, nipe maji, mwanangu. Wa tatu zamu yake Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa. Wanawe ndio wengi kuliko wote pale kijijini. Baba alilisoma jina lake mbele yangu mara ngapi... Simpati. Nilimwosha kwa mikono yangu hii, nikampa mtu nisiyemjua akamnywa. Acha mahali pake patupu, Majid. Usibuni jina.

Radhi zangu mnazo nyote wawili. Mungu awape maji safi, na uso wa kumtazama mtu. Kaburini wasinitaje mwalimu... Nasor tu. Haya, nisomee ulichoandika. Polepole. Ukifika kwa wa tatu... nyamaza kidogo... kisha endelea.