Msichana Aliyezama Mtoni

Tramu ilipita kwenye ukungu wa mji wa Halle, Ujerumani, polepole, kana kwamba nayo inaota. Bibi mwenye kofia ya sufu alimwona bibi aliyeketi kando yake akisoma riwaya ya marehemu Trautvetter, mwandishi wa mji wetu.

"Huyo msichana anayezama mtoni ni mimi," akanong'ona.

Mwenzake akafunga kitabu. "Wewe? Ni mimi, bibi. Trautvetter alinibusu pale darajani."

"Hata mimi, pale pale!"

Kitabuni msichana ana nywele nyekundu. Hawa wote walikuwa na mvi tupu.

Tramu ikasimama makaburini. Wakainuka pamoja, kila mmoja na kopo lake la kumwagilia maua. Miaka yote maua ya kaburi la Trautvetter yamekuwa yakioza kwa maji mengi, nasi tukimlaumu mtunza makaburi.