Mjomba Pua na Lalamiko Dhidi Yake Mwenyewe

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, Mjomba Pua anavua sare baada ya miaka thelathini na mmoja katika kikosi cha mbwa wa kunusa dawa za kulevya. Mimi nakaa kwenye dawati la malalamiko, mlango wa tatu kutoka mabanda ya mbwa, kwa hiyo inadhaniwa namfahamu. Nami nilidhani hivyo.

Alianza kwa kuosha mabanda, akapanda hadi ukufunzi, na amefunza mbwa kumi na wanne. Wa mwisho ni jike mweusi aitwaye Shemeji, kwa jinsi anavyozoea watu haraka. Kwenye stendi ya mabasi, Mjomba akiamuru, “Shemeji, kaa!” abiria hugeuka, na inasemekana wapo waliokaa. Mjomba na Shemeji ndio waliofichua mzigo wa dawa ndani ya godoro la mtoto mchanga.

Askari anayestaafu bila kulalamikiwa hata mara moja hupewa Hati ya Utumishi Bila Doa. Katika kikosi chetu wameipata wawili tu. Ya Mjomba ilikwishatiwa fremu.

Miezi mitatu iliyopita, Shemeji alikaa mbele ya fundi cherehani pale stendi. Mbwa akikaa, mtu hupekuliwa. Mkoba wake ulimwagwa chini mbele ya wateja wake, usikutwe na kitu. Askari mmoja akamwambia, “Mama, mbwa hakai bure.” Fundi akaokota vifungo vyake, akaondoka. Hakuja kwangu. Wengi hawaji: hawajui kuwa wana haki ya kulalamika, au wanajua na wanaogopa.

Kesho yake Mjomba aliniomba fomu, akampelekea fundi kibandani, akamweleza haki yake. Fundi akajaza na kutia sahihi. Kwenye nafasi ya shahidi, Mjomba aliandika: “Mbwa alikaa kwa sababu mimi nilisimama.” Goti lilikuwa limemshika. Na Shemeji, kwa miaka sita, amejifunza kwamba Mjomba hasimami bure.

“Hakumnusa mama yule,” alinieleza. “Alinisoma mimi.”

Nilimwambia, Mjomba, umebakiza miezi mitatu tu, na fundi mwenyewe hata hakuja kulalamika! Akacheka. “Ndiyo maana nimempelekea fomu, binti yangu.”

Nilikasirika, na sikujua nakasirikia nini. Kazi yangu ni kupokea malalamiko, na hapo nilikuwa namsihi mtu asiyalete. Nikamuuliza: katika miaka yote hiyo, Shemeji na wenzake wamekaa mara ngapi kwa sababu yake? Akaisukuma fomu mbele yangu niigonge muhuri. Hadi leo sijui kama swali lile lilikuwa la haki au la kisirani.

Wiki iliyopita uamuzi ulitoka. Fundi ameombwa radhi kwa barua, na kuanzia sasa mbwa akikaa, ataletwa mwongozaji wa pili, asiyeambiwa ni nani aliyetiliwa shaka, ampitishe mbwa upya kabla ya mtu kuguswa. Hati ya Mjomba imefutwa. Ukutani zimebaki zile mbili za wenzake, na ninapopita hapo siku hizi najiuliza ni raia gani ambaye hakuletewa fomu.

Mkuu wa kikosi ameagiza nimalizie salamu hizi za kumuaga kwa furaha. Nimejaribu. Mjomba, sijui nikupe hongera au pole. Pokea zote mbili, zote ni za kweli. Asante kwa kazi yako. Tunakutakia siku njema zisizo na zamu, wewe na nyumba yako yote.