Ukoka wa Kaburini

Mambo yaliharibika Jumanne ile wakubwa wa makaburi walipoamuru ukoka wote ung'olewe, zikapandwa nyasi laini za kupendeza wageni. Kiangazi kimoja tu, zikakauka zote. Mke wangu sasa amelala chini ya vumbi, na wao ofisini wana feni.

Leo nilipanda basi la kwenda huko na dumu langu la maji. Mbele yangu alikaa mama mmoja na gunia lililolowa, ukoka unachungulia mdomoni mwa gunia. Pembeni yake alikaa bwana mwenye sare ya wasimamizi wa makaburi.

"Dada, hilo ni gugu," akamwambia. "Linatambaa mpaka kwa jirani."

"Litambae, kaka. Mama yangu alipenda majirani."

Nikacheka, nikasingizia kikohozi.

"Si upande zile nyasi za majani mapana? Nazo ni ngumu."

"Ngumu kivulini. Mama yuko juani, hakuna hata mti. Mvua zikija, nani ataushika udongo wake? Wewe?"

"Nikiuona ukoka nitaung'oa. Ndiyo kazi yangu."

"Ng'oa. Kikibaki kipande kama kidole utaota tena, na mimi nitakuja tena."

Bwana akaanza kufuta kioo kisichokuwa na uchafu. Basi likasimama langoni. Mama akajitwika gunia lake, akanigeukia. Kumbe alijua nasikiliza.

"Na wewe baba, maji hayo unaenda kumwagilia nini?"