Mbuzi Aliyekuja na Bakuli

Benchi la kona lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka kwa nguvu. Asubuhi hiyo upande huo alikaa kinyozi, ambaye pale kijiweni wanamwita Wembe, na wala hakuwa na mpango wa kucheka. Alikuwa amepakata kitu kilichofunikwa kwa taulo la kunyolea, ameshika tama, na kahawa yake imepoa bila kuguswa. Pembeni yake alikaa Profesa, fundi viatu ambaye chuo anakijua kwa soli za wanaosoma huko. Spana, fundi pikipiki, alichuchumaa mbele yao akifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. Mama Kahawa, mwenye birika, alikuwa akiwamiminia na kuwasuta kwa zamu.

— Wembe, kulikoni? — Spana akauliza. — Kuna msiba?

— Kuna mbuzi.

Nyuma ya saluni ya Wembe iliyopakana na benchi, nyumbani kwake, mbuzi akalia kuthibitisha.

Basi Wembe akatua mzigo wa moyo. Jirani yake, Mama Pacha, alileta mayai matano kwenye bakuli. Mama watoto akasema hawezi kurudisha bakuli la watu likiwa tupu, ataonekana hakulelewa, akalirudisha na mayai kumi. Mama Pacha naye si mtu wa kushindwa kwa ukarimu, akaleta ishirini. Yakaenda arobaini. Wakaja kuku wawili. Wakaenda kuku wanne. Jana jioni kaja mbuzi, bakuli limening'inia shingoni.

— Na leo ni zamu yetu, — Wembe akasema. — Kabla jua halijazama. Sasa ndani ya nyumba yangu hakuna kitu kinachomzidi mbuzi, isipokuwa kimoja. Na tangu alfajiri mama watoto anakitazama.

Wote wakageuka kuangalia ndani ya saluni. Kiti cha kunyolea kilikuwa kinang'aa katikati ya chumba, kile cha kupanda na kushuka, ambacho Wembe alikisubiri miaka minne.

— Usiniambie! — Mama Kahawa akashika kifua.

— Amenipa bakuli, kaniambia nisirudi mpaka nijue kinachoingia humu. Nikikosa jibu, kiti kinakwenda.

Alisema hivyo huku machozi yakimlenga, mtu mzima, na kijiwe kizima kikamwonea huruma kwa muda wa kama dakika moja.

— Hesabu hiyo haina breki, — Spana akasema. — Tano, kumi, ishirini, arobaini. Kila safari ni mara mbili. Leo kiti, wiki ijayo Mama Pacha analeta pikipiki. Nyinyi mnapeleka nyumba. Yeye analeta mtaa. Hakuna mahali itasimama, itapita kila namba utakayoitaja!

— Mtaa wote? — Mama Kahawa akauliza. — Na mimi nimo?

— Umo, na birika lako.

— Nyamazeni, — Profesa akasema, akitema misumari kiganjani. — Dawa ni kugawa. Mrudishie nusu.

— Nusu ya mbuzi?

— Kwa thamani, jamani! Kuku wachache. Yeye akielewa somo, anarudisha nusu ya hao. Wewe nusu tena. Inashuka, inashuka, mpaka yai moja, mpaka harage, mpaka nusu harage.

— Na baada ya nusu harage?

— Robo harage.

— Na baada ya robo?

— Inaendelea milele, ila inakaribia sifuri. Taja kitu chochote kidogo, hata ganda la harage. Ipo siku bakuli litabeba kidogo kuliko hicho, na kuanzia siku hiyo halitazidi tena. Hapo ndipo penye utulivu.

— Utulivu gani! — Spana akaruka. — Wajukuu wa Wembe watakuwa wanabeba bakuli lenye vumbi la harage, wameshika kwa mikono miwili, upepo usije ukapeperusha zawadi!

Mama Kahawa akacheka hadi kifuniko cha birika kikadondoka. Wembe mwenyewe akajikuta anatabasamu, kisha akakumbuka kiti.

— Mama watoto hawezi kupunguza, — akasema. — Ni aibu. Lazima tuongeze. Lakini je, tukiongeza kidogo kidogo? Mbuzi wao na yai moja juu. Safari ijayo, nyongeza ni nusu yai. Halafu theluthi. Halafu robo. Nyongeza zinapungua, basi si mwisho wake itatulia?

Ilionekana akili sana. Hata Spana akakubali kwa kichwa. Lakini Profesa akachukua kisu na kipande cha ngozi, akaanza kukata vijiti vyembamba na kuvipanga kwenye benchi.

— Tazama. Hii nusu. Theluthi na robo nikiziunganisha, zinapita nusu nyingine. Zinazofuata nne, sehemu ya tano hadi sehemu ya nane, zikikusanyika zinapita nusu tena. Zinazofuata nane, nusu tena. Kila nikichoka napata nusu! Utafika mbuzi wa pili, Wembe, na wa tatu. Utachelewa tu.

— Lakini zinapungua!

— Kupungua hakutoshi. Zipungue upesi! Nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo. Hizo hata ukiongeza mpaka uzee, hazizidi yai moja.

— Kwa hiyo tunakwama kwa mbuzi na mayai mawili, tunabebeana milele?

— Karibu na mayai mawili. Hamtayafikia.

— Mimi nina rahisi kuliko hiyo, — Spana akasema. — Apelekwe mbuzi yuleyule. Mama Pacha amrudishe. Mumpeleke. Amrudishe. Hapandi, hashuki.

— Na hatulii, — Profesa akasema. — Leo huku, kesho kule. Hiyo nayo haina mwisho.

— Mbuzi atachoka miguu, — Mama Kahawa akasema.

— Nitamshonea viatu! Jozi mbili!

— Basi tupite sifuri! — Spana alishasimama, mikono hewani. — Chini ya sifuri kuna hasi! Wembe, peleka bakuli, halafu uondoke na kitu chake!

— Huo ni wizi!

— Ni hesabu!

Wembe akacheka kwa nguvu, benchi likayumba, akalishikilia. Hapo ndipo walipomwona dada mmoja amesimama kwa mguu mmoja, ndala iliyokatika mkononi, akimsubiri Profesa kwa adabu tangu kwenye robo harage.

— Samahanini kaka zangu, — akasema. — Bakuli lenyewe ni la nani?

— La Mama Pacha, — Wembe akajibu haraka.

Kisha akabaki mdomo wazi. Alikumbuka siku ya mayai matano. Pacha mmoja alisema mlangoni, "Mama anasema asante, anarudisha bakuli lenu." Mama watoto akadhani mtoto kachanganya maneno.

— Yeye anajua ni letu, — akasema polepole. — Sisi tunajua ni lake.

Profesa akatazama vijiti vyake vya ngozi. Wembe akafunua taulo, akageuza bakuli juu chini. Kitakoni palikuwa na nukta tatu za rangi ya kucha.

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Lete hapa. Lete! Hili bakuli langu, alama hizo nilizitia mimi! Si nililetea mafundi rangi mikate humu siku unafungua saluni? Mama Pacha ndiye aliyeosha vyombo siku ile, akaondoka nalo akidhani ni lenu!

Wembe alinyanyuka kwa furaha, benchi likapinduka upande wa pili, Profesa akaenda chini na misumari yake. Hakuna aliyejali. Kiti kimepona! Wembe akamkumbatia Spana na grisi zake zote, akamshukuru dada wa ndala mara tatu, kisha akampa Mama Kahawa bakuli lake kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

Mama Kahawa akalipokea. Akatazama ndani. Akaligeuza, akalitikisa, akamwinulia Wembe macho.

— Miezi miwili mizima, — akasema, — halafu unanirudishia tupu?

Nyuma ya saluni, mbuzi akalia.